Viota vya Shamba la Mama Kiden

Siku ile ya kuniaga, vijana wa idara mliniomba niandike mambo machache ya kuwasaidia wanaokuja nyuma. Nilikubali haraka kwa sababu keki ilikuwa bado haijakatwa. Nilipofika nyumbani Gudele nikaona kwamba mambo ninayoyajua kwa uhakika ni namna ya kukaa kimya asubuhi na namna ya kukwamua gari kwenye tope jeusi, na sidhani kama hayo yana faida kwa watu waliopewa ofisi yenye kiyoyozi. Vyeo nilivyopanda sitavitaja. Vilikuwa vichache, na kimoja nilipewa kwa sababu aliyestahili alikuwa safarini. Nitawaeleza ile kazi ya kulinganisha ndege wanaozaliana katika makazi manne ya hifadhi yetu ya ng'ambo ya mto, maana mnaiona ripoti yake kabatini na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini ina makazi matatu tu.

Nilirudi Juba muda mfupi baada ya amani kusainiwa. Nilikuwa nimekulia Kitale, nikasomea huko, na huko huko nikafanya kazi miaka mingi kwenye mradi wa kuhesabu ndege wa vinamasini. Ofisi yangu mpya ilikuwa kontena mbili pale Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, kiasi kwamba mizigo ya misaada ikitua sote tulinyamaza mpaka injini izimwe. Kontena ya kwanza ilikuwa na kiti, na kiti kilikuwa cha mkurugenzi. Kontena ya pili ilikuwa na muhuri.

Mkurugenzi alikuwa ametoka msituni karibuni na bado alikuwa na cheo cha jeshi, kwa hiyo tulimwita Jenabu, kama maofisa wote wanavyoitwa Juba. Aliisoma barua yangu ya kuajiriwa mara mbili.

"Wewe ulikuwa kikosi gani?" akaniuliza.

"Sikuwa kikosini, Jenabu. Nilikuwa Kitale, nahesabu ndege."

"Miaka yote hiyo ya vita?"

"Ndiyo, Jenabu."

Akaiweka barua chini. "Na walifika ngapi?"

Nimehojiwa na maprofesa tangu siku ile, lakini sijaulizwa swali gumu zaidi. Nilisema ni wengi. Akapiga muhuri, akanikabidhi kwa Sajini Lado.

Sajini Lado ndiye mwalimu wangu, ingawa kwenye karatasi nilikuwa mkubwa wake. Alikuwa askari wa wanyamapori kwa muda wa miezi michache, na mpiganaji kwa muda wa miaka ambayo hakupenda kuihesabu. Alijua kukaa. Angeweza kusimama chini ya mgunga tangu alfajiri hadi jua likawaka bila kupangusa jasho, na ndege wakamzoea wakaendelea na shughuli zao. Alinifundisha kutokuvaa shati jipya porini, kuweka jua mgongoni, na kusikiliza kwanza kabla ya kunyanyua darubini. Ukikohoa, alisema, anza upya, hata kama umebakiza dakika moja. Hilo la mwisho naomba mlizingatie, kwa sababu nimewaona mkikohoa.

Ndege aliwajua wote, ila aliwapanga kwa mpango wake. "Huyu tamu," alisema njiwa akipita. "Huyu mifupa mingi." Hondohondo alipolia juu ya mkwaju, Sajini alitikisa kichwa. "Huyu hapana. Huyu tulikula siku mbaya sana." Jioni moja nililinganisha makundi yake na kitabu changu cha ndege, nikakuta yanakaribiana mno na jamaa walizozipanga wataalamu. Wataalamu walichukua miaka mingi zaidi na hawakuwa na njaa.

Kisha akaja Dokta Piet. Aliletwa na wafadhili kwa msimu mmoja wa mvua, na alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye kofia yenye kamba kidevuni. Mradi wake ulikuwa mzuri na nausifu mpaka leo. Tulitakiwa kulinganisha ndege wanaotaga katika makazi manne: A msitu wa kando ya mto, B nyika ya migunga, C kinamasi cha mafunjo, na D, ambayo kwenye karatasi za Dokta iliitwa "vichaka vinavyojirudishia baada ya kilimo kusitishwa." Kila kituo tusimame dakika kumi. Ndege anayepita tu haandikwi. Anaandikwa mwenye kiota, mayai au makinda, au anayeonekana amebeba majani au chakula mdomoni, kwa sababu hapo ndipo unajua anaishi pale na hakuja kutembea.

Vituo vyenyewe vilichaguliwa na kompyuta pale Thongpiny, kwa nasibu, ili mtu asipendelee mahali penye kivuli. Kompyuta haikupendelea kabisa. Kituo kimoja kiliangukia katikati ya mto, pale penye maji ya kasi. Kingine kiliangukia ndani ya zizi la ng'ombe la kanali mmoja, ambaye alitupokea vizuri lakini akataka kujua kompyuta hiyo ni ya nani. Na vituo vyote vya D viliangukia kwenye mabomu.

Nieleze hapo, kwa kuwa wengine wenu mlikuwa watoto. Kilimo cha D kilikuwa kimesitishwa kwa kutegwa mabomu ya ardhini wakati wa vita. Eneo lilizungushiwa mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, na vibao vyenye fuvu la kichwa. Mtu hakukanyaga huko, wala mbuzi, wala moto wa kuchoma nyasi haukuwashwa. Nilimwambia Dokta kwamba hatuwezi kuingia. Akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba nasibu ikianza kuchaguliwa huwa si nasibu tena. Nikamtafsiria Sajini.

"Mwambie nasibu iko na miguu yake," Sajini akasema. "Mimi niko na hii mbili tu."

Tukakubaliana kwamba D itahesabiwa kutoka barabarani, nyuma ya mawe mekundu. Huo ukawa uamuzi wa kwanza mbaya, na ulifanywa na watu watatu wenye akili timamu.

Pale barabarani, nyuma ya mawe, palikuwa na kibanda cha turubai, na ndani yake aliishi Mama Kiden. Alikuwa mjane aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Watoto wake alikuwa amewaacha kwa dada yake, mtaa wa Mangateen. Yeye alikaa pale kwa sababu upande wa pili wa mawe, kuanzia kibao cha kwanza cha fuvu hadi kwenye kichuguu, palikuwa ni kwake. Marehemu mumewe alifyeka pale, na jiko lake la zamani lilikuwa pale ndani mahali fulani. Watu wa kutegua mabomu walikuwa wamempa ahadi: watakuja kiangazi, ikiwa ofisi yetu itaandika barua ya kuruhusu, kwa kuwa shamba liko ndani ya mpaka wa hifadhi. Barua hiyo ilikuwa tayari mezani kwa Jenabu, imechapwa, haijatiwa sahihi. Jenabu alisema anasubiri ripoti ya ndege.

"Ustaz," Mama Kiden aliniuliza asubuhi ya kwanza, "wewe natafuta nini kwa shamba yangu?"

"Ndege wanaotaga, mama."

"Kwani kwenu kuku hakuna?"

Alitupikia chai ya tangawizi. Hiyo ilikuwa bahati yetu, kwa kuwa katika A tulinyeshewa, katika B tulikimbizwa na nyuki, na katika C Sajini alipoteza gambuti moja ambayo nadhani ipo mpaka leo. D ndiyo ilikuwa makazi yenye kigoda. Tulikaa saa nzima pale ambapo tulipaswa kukaa dakika kumi. Na kwa kuwa kutoka barabarani tuliona nyasi na mbingu tu, Mama Kiden akaanza kutusaidia.

"Kwale iko pale, nyuma ya jiko yangu ya zamani," alisema. "Iko na mayai tano."

"Umeonaje, mama?"

"Mimi kila asubuhi napanda kichuguu ile ya huku, ya barabara. Hii shamba mimi najua. Hata nikifunga macho najua."

Nilimwamini bila shida. Mtu ambaye amelima mahali anapajua kuliko darubini. Kwenye fomu ya Dokta kulikuwa na safu ya chanzo cha taarifa, nami kwa uaminifu nikaandika "Mama K." Wiki iliyofuata alikuwa na njiwa wanne kwenye mti wa lalobu, na kwale wa pili. Baadaye wakaja makinda. Alitueleza wamebeba nini mdomoni. Sajini alishika darubini akatazama upande ule, akasema haoni jiko wala kwale, lakini chai ni nzuri, akaendelea kunywa. Mimi niliandika. Nilikuwa sijawahi kupata msaidizi hodari kama yule, na nilianza kuingoja siku ya D kuliko siku nyingine zote.

Mvua zilipoisha nikakaa na kompyuta pale Thongpiny kupanga jedwali, nikiandika jenereta ikiwaka na kunung'unika ikizima. Jedwali halikuenea kwenye ukurasa. Nilijaribu kupunguza herufi mpaka zikawa za kusomwa na sisimizi. Mwishowe nikafuta safu moja, ile ambayo niliona haina kazi. Nilifuta safu ya chanzo. Hakuna aliyenituma, na kompyuta haikukosea chochote. Niliifuta mimi, kwa kidole hiki.

Jedwali likatoka safi, na D ikawa imeyashinda makazi yote. Msitu wenye miti mikubwa ulikuwa nyuma yake, kinamasi kilikuwa nyuma yake. Dokta Piet alisimama kutoka kwenye kiti alichoazimwa na Jenabu. Alisema kwa miaka yote ya kazi yake hajaona kitu kama hiki, makazi yaliyojilinda yenyewe. Sikukanusha. Nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini, nimehesabu ndege tangu ujana, na kwa mara ya kwanza matokeo yangu yalimfanya mtu asimame.

Ilimchukua Dokta siku tatu kuandika mapendekezo. Alipendekeza D iwe eneo la kiini, asiingie binadamu yeyote, na kazi ya kutegua mabomu iahirishwe mpaka utafiti zaidi ufanyike. Jenabu alipendezwa mno. Hifadhi ilikuwa na upungufu wa walinzi, na hapa pamepatikana walinzi wasiolala, wasioomba likizo na wasiougua malaria. Akaichukua ile barua ya Mama Kiden akaiweka chini ya birika.

Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu tulipita kwake na Sajini tukienda kutafuta gambuti. Mama Kiden alikuwa ameshapata jembe na kifuko cha mbegu za karanga. Mbegu alikuwa amezianika juu ya turubai, akizichambua moja moja.

"Ustaz, barua imetoka?"

"Karibu, mama."

"Watoto nimewaambia krismasi ya mwaka ujao tunakula kwetu."

Niliinywa chai yake kwa aibu. Yule mama alikuwa amenipa viota vyake kwa ukarimu tu, kimoja kimoja, na mimi nilikuwa nimevitumia kumnyang'anya shamba.

Kwenye gari nilimweleza Sajini kuhusu safu niliyoifuta. Katika A, B na C tuliandika tulichokiona kwa dakika kumi. Katika D tuliandika alichotuambia mtu mmoja kwa saa nzima. Vitu hivyo viwili havilinganishwi, na mimi nilijua tangu mwanzo.

"Sasa wewe utasema?" akauliza.

"Nikisema, D yote inatupwa. Na hayo ndiyo matokeo pekee ya maana niliyowahi kupata. Ndege wapo kweli, Sajini."

"Basi usiseme." Akashusha kioo cha dirisha. "Lakini hii barabara mimi sipiti tena na wewe."

Semina ya kukabidhi ripoti ilifanyika kwenye hoteli moja ya mahema kando ya mto. Mnazijua semina. Kulikuwa na sala, kisha kujitambulisha, kisha walifika waliochelewa tukajitambulisha upya. Kila mtu alikuwa na kibandiko cha jina kifuani na chupa ya maji mbele, na chupa tupu zilihesabiwa kwa uangalifu kuliko ndege wetu. Dokta alionyesha ukutani picha ya kwale, ambayo nilitambua imepigwa nchi nyingine. Alipofika kwenye eneo la kiini watu walipiga makofi. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, lakini yalinitoka vibaya.

"Viota vya D sisi hatukuviona," nikasema. "Tuliambiwa."

Dokta aliuliza polepole ni vingapi tulivyoambiwa.

"Karibu vyote. Safu ya chanzo niliifuta mimi, haikuenea kwenye ukurasa."

Aliyezungumza kwanza ni Jenabu. Nilitarajia anifukuze. Badala yake aliinamia meza kwa sura ambayo nadhani walio chini yake waliizoea wakati wa vita.

"Chanzo kilikuwa kimoja?"

"Kimoja, Jenabu. Mama anayekaa barabarani."

"Mlihakikisha?"

"Hapana, Jenabu."

"Kwa chanzo kimoja mimi sihamishi hata mpishi," akasema. Akamgeukia Dokta. "Toa hiyo D."

Wasomi wote mle ndani tulikuwa tumepiga makofi, na aliyeelewa mbinu za utafiti alikuwa mwanajeshi. Dokta Piet aliitoa D siku hiyo hiyo, bila ubishi, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu. Hakunisemesha mpaka siku aliyoondoka. Jenabu alitia sahihi barua, ikiwa na alama ya duara ya birika. Mimi nilipelekwa stoo kuhesabu gambuti mpaka mvua zilizofuata, na kila nilipofikia ile moja isiyo na mwenzake nilijikumbusha kwamba nimefanya jambo jema.

Nilijikumbusha mara nyingi kupita kiasi. Nilimsimulia mke wangu. Nilisimulia kanisani. Nilijiona mtu aliyekuwa na ukweli mkubwa mkononi, kwamba ndege wa nchi hii wamekimbilia pale ambapo sisi hatuwezi kukanyaga, na ambaye aliuachia ukweli huo uende ili mjane apate shamba. Nilikuwa na huzuni kidogo kuhusu hao kwale, na nilikuwa naipenda huzuni hiyo.

Wateguaji mabomu walikuja kiangazi, wakatambaa kwa magoti wiki baada ya wiki, wakatoa walichokitoa, wakapaka mawe rangi nyeupe. Mvua zilipokolea nilikwenda na Sajini, ambaye alikuwa amekubali tena kupita nami barabara ile. Watoto wa Mama Kiden walikuwa wamehamia. Karanga zilikuwa zimefunika udongo, na mtama ulikuwa umefika magotini. Mama alitupeleka kwa miguu mpaka ndani kabisa, akatuonyesha mafiga matatu ya jiko lake la zamani, yakiwa yamekaa vilevile. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga makazi D, na mguu ulinisita kila hatua.

Nilisikiliza kama nilivyofundishwa. Hakukuwa na kwale.

Nikaona ni wakati wa kumwambia alivyonigharimu. Nakiri nilitaka shukrani.

"Mama, wale kwale wa nyuma ya jiko," nikasema, "walikuwa wengi kuliko mahali pote hifadhini. Mimi niliwaacha kwa sababu yako."

Akasimamisha jembe. "Kwale gani?"

"Wale ulioniambia. Wa mayai matano. Na makinda."

Alimtazama Sajini, kisha akanitazama mimi kwa huruma. "Ustaz, kutoka kichuguu ya barabara nani anaweza ona nyuma ya jiko? Nyasi ilikuwa juu ya kichwa."

"Kwa hiyo viota..."

"Gari ya serikali ilikuwa hapana kuja hapa. Hata siku moja. Wewe ulikuja kwa sababu ya ndege. Nikasema, huyu bila ndege hawezi rudi, na huyu asiporudi, nani atakumbuka barua yangu?"

Sajini Lado alikaa chini kwenye figa moja, akacheka mpaka machozi, na hakuwa mtu wa kucheka. Mimi nilikuwa bado nahesabu kichwani, nikiondoa kiota kimoja baada ya kingine kwenye lile jedwali nililolionea huzuni mwaka mzima.

"Vyote, mama?" nikamuuliza. "Hata kwale mmoja hakuwepo?"

Akafikiri vizuri, kama mtu ambaye sasa hana sababu tena ya kudanganya.

"Moja ilikuwa kweli," akasema. "Ilivuka barabara asubuhi ya kwanza, sisi wote tukaiona. Nikakwambia andika. Ukasema haina mayai, fomu haikubali. Ndiyo mimi nikaweka mayai."